Reli ya Namuwongo na Jumuiya Iliyovunjika Mara Mbili

Vitabu vya shule vinafundisha kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977. Kwa mawaziri, wahasibu na marubani wa ndege, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mashariki mwa Kampala, kwenye makazi yanayopakana na reli, Jumuiya ilikuwa imekwisha kufa miaka saba kabla ya hapo. Ilikufa mwaka 1970, pale wafanyakazi wapatao 30,000 kutoka Kenya, wengi wao Wajaluo, walipoamriwa kuondoka Uganda. Hakuna makao makuu yaliyofungwa siku hizo, wala bendera iliyoshushwa. Mashirika ya pamoja yaliendelea na kazi, stempu za posta ziliendelea kuuzwa na marais waliendelea kuandikiana barua. Waliong'olewa ni watu ambao kwa miaka 40 walikuwa wakiishi muungano huo kila siku bila kuuita jina.

Mahali pazuri pa kuisimulia habari hii ni Namuwongo. Namuwongo iko katika tarafa ya Makindye, bondeni, kati ya mlima wa Kibuli, majumba ya kifahari ya Muyenga na eneo la viwanda la Kampala. Mfereji wa Nakivubo unapita karibu yake ukipeleka maji machafu ya jiji kwenye kinamasi, na kutoka kinamasi hadi Ziwa Victoria. Chini kabisa, kando ya reli, ndiko iliko mitaa ya Soweto na Kanyogoga: vyumba vya mbao, mabati na matofali, vingine vikiwa hatua chache tu kutoka kwenye mataruma. Asiyejua kisa cha reli hiyo atadhani watu hawa wameivamia. Ukifuata historia utaona kwamba reli yenyewe ndiyo iliyowaita.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Iliitwa Reli ya Uganda, na Desemba 1901 ikafika Kisumu. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda kweli, kwa sababu mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda ulienea hadi karibu na Naivasha. Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa huo wote kwenda himaya ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, ili reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Wajaluo, Waluhya, Wasamia na Wateso wakagawanywa kwa mstari ambao hakuna aliyewauliza waupendelee wapi. Wateso wakawa na ndugu pande zote mbili za Malaba, na Wasamia pande zote mbili za Busia. Kwa hiyo kijana wa Nyanza aliyepanda meli Kisumu katika miaka ya 1920 kwenda kutafuta kazi Kampala alikuwa anakwenda kwenye nchi ambayo baba yake alihesabiwa ndani yake.

Safari ya mwanzo ilikuwa ya maji: Kisumu hadi Port Bell, halafu mwendo mfupi hadi mjini. Kisha njia kuu ya reli ikapanda nyanda za juu za Kenya kupitia Eldoret, ikashuka Tororo, na mwaka 1931, baada ya daraja la mto Nile kukamilika Jinja, gari moshi likaweza kutoka Mombasa hadi Kampala bila mzigo kupakuliwa ziwani. Kampala ikawa mwisho wa reli, na mwisho wa reli siku zote huvuta watu: wa kupakua, wa kupakia, wa kutengeneza, wa kulinda, na wa kuwapikia wote hao.

Wakati huohuo watawala walikuwa wakiunganisha vitu vingine. Kenya na Uganda ziliunda eneo moja la forodha mwaka 1917, na kufikia 1927 Tanganyika ilikuwa imeingia kikamilifu. Kulikuwa na bodi moja ya sarafu, shilingi moja, mahakama moja ya rufani, na mwaka 1948 ikaundwa Tume Kuu ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, ikisimamia reli, bandari, posta, kodi na utafiti. Tusidanganyike kuhusu nia. Ushuru wa forodha uliwekwa kwa namna iliyomlinda mkulima mzungu wa Kenya, ngano yake na siagi yake, na mnunuzi wa Kampala alilipa gharama hiyo dukani. Manung'uniko ya Uganda kwamba Nairobi inakula zaidi yana umri mkubwa kuliko uhuru wenyewe.

Sasa tuje kwa watu. Buganda haikuwa na upungufu wa ardhi wala wa pamba, na Mganda mwenye shamba hakuona sababu ya kwenda kubeba mawe kwa ujira mdogo. Serikali ilijaribu nguvu: mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima ya kulipwa, iliyochukiwa mno hata ikafutwa. Baada ya hapo uchumi wa Uganda ukaegemea wageni. Kutoka Ruanda-Urundi waliteremka maelfu kwa miguu, wakaingia kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda. Kutoka West Nile walikuja wakataji wa miwa wa Kakira na Lugazi. Na kutoka Nyanza na nchi ya Waluhya walikuja watu wa mjini: wa reli, wa viwanda, wa ujenzi, wa jikoni kwa Wazungu na Wahindi. Kenya iliwafukuza kwa kodi na kwa kipande, kile cheti alichofungiwa Mwafrika shingoni kionyeshe nani kamwajiri na kwa ujira gani. Uganda haikuwa na kipande cha namna hiyo. Haikuwa pepo, lakini mtu aliweza kuacha kazi Jumatatu na kutafuta nyingine Jumanne.

Bahati nzuri maisha yao Kampala yameandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti wake katika mitaa ya nyumba za serikali ya Nakawa na Naguru, akatoa kitabu mwaka 1969. Mwenzake Ralph Grillo alifanya utafiti kwenye nyumba za reli za Nsambya, upande wa pili wa Kibuli ukitokea Namuwongo, mwaka 1964 na 1965. Wote wawili wanaonyesha jiji ambamo Mkenya na Mganda, Mjaluo na Mwacholi, walipanga nyumba ukuta kwa ukuta, wakasukuma mikokoteni ileile, wakagombania uongozi wa chama kimoja cha wafanyakazi. Wajaluo walikuwa na umoja wao, Luo Union, uliosimamia mambo ya kwao, kuanzia misiba hadi mpira wa miguu. Lugha ya kazini ilikuwa Kiswahili, hata kama watawala wa Buganda walikipinga shuleni tangu Kabaka Daudi Chwa alipokikataa mwaka 1929. Kule Nsambya nyumba ilikwenda na cheo: msimamizi nyumba kubwa, karani ya kadiri, mfanyakazi wa chini chumba. Kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa.

Kibarua wa kutwa hakuwa na ufunguo wa kurudisha. Kampuni haikumpa nyumba, na nyumba za serikali zilikuwa na orodha ndefu ya wanaosubiri. Yeye alitafuta chumba cha kupanga pale ambapo ardhi ilikuwa ya bei rahisi na kazi iko karibu, na kwa mtu wa viwandani mahali hapo palikuwa bonde la Namuwongo. Asubuhi alivuka reli kwa miguu akawa langoni mwa kiwanda. Ndiyo maana naiona Namuwongo kuwa shahidi bora kuliko Nsambya. Mtu wa Nsambya alikuwa na namba kwenye daftari la shirika la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilimjua kwa jina. Mtu wa bondeni aliijua Jumuiya, lakini yenyewe haikumjua.

Wakati huo wakubwa walikuwa wakibishana kuhusu muungano mwingine, wa kisiasa. Buganda iliuogopa kwa sababu nzuri. Neno shirikisho, likitoka mdomoni mwa Mwingereza, lilimaanisha kutawaliwa na walowezi wa Nairobi kama ilivyokuwa ikifanyika kusini, kwenye shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Juni 1953 waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, aligusia katika hotuba mjini London uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki. Kampala ikachafuka. Kabaka Mutesa II alidai ahadi na kutaka Buganda iwe na njia yake ya uhuru. Gavana Andrew Cohen akamkamata na kumpeleka uhamishoni Uingereza tarehe 30 Novemba 1953. Alirudi Oktoba 1955 akipokewa na umati mkubwa. Tarehe ile ya 30 Novemba niishikilie kidogo, maana itatokea tena.

Wazalendo waliligeuza neno hilo. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie uhuru zikiwa moja. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini azimio la kuunda shirikisho mwaka huohuo. Halikuundwa. Uganda ilisita, ikiwa na falme zake ndani ya katiba na hofu yake ya kumezwa. Kenya ilipata uhuru wake Desemba na haraka ikapungua. Mwaka 1966 shilingi moja ikawa shilingi tatu. Ili kuokoa kilichobaki, tarehe 6 Juni 1967 marais watatu walikutana Kampala wakatia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliozaa Jumuiya ya kwanza, yenye makao makuu Arusha.

Ulikuwa mkataba wa watu makini. Uliweka kodi ya uhamisho ili viwanda vichanga vya Uganda na Tanzania visizamishwe na bidhaa za Kenya. Uliunda Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki na kuiweka Kampala. Uligawa makao ya mashirika: posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege Nairobi. Lakini haukuwa na sehemu iliyompa mwananchi wa nchi moja haki ya kwenda nchi nyingine kutafuta kazi na kukaa. Nadhani waandishi wake hawakuliona pengo, kwa sababu walipoitazama Kampala waliona watu wanakuja na kwenda. Waliichukulia desturi kama sheria, wakaiacha bila ulinzi.

Na hapa historia inauma. Milton Obote, aliyetia saini kwa niaba ya Uganda, alikuwa mwenyewe zao la mwendo huo huru. Kijana huyu wa Lango, baada ya kutoka Makerere, alifanya kazi Kakira, kisha akavuka kwenda Kenya katika miaka ya 1950, akaajiriwa kwenye kampuni ya ujenzi na akajifunza siasa katika mikutano ya wazalendo wa Kenya. Alirudi kwao kuelekea mwisho wa muongo huo akiwa mwanasiasa. Mtu mwingine wa Lango, John Okello, alipita njia hiyohiyo ya vibarua, Kenya hadi Pemba, na Januari 1964 jina lake likajulikana dunia nzima kwa mapinduzi ya Zanzibar. Hakuna aliyewaomba watu hawa kibali cha kazi.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na vijana wengi waliomaliza shule na wasioona kazi. Serikali ilikuwa imejitangaza kuwa ya mrengo wa kushoto, na Hati ya Mwananchi wa Kawaida ya 1969 ilikuwa imeahidi kwamba utajiri wa nchi utamrudia mwenye nchi. Sheria mpya ya uhamiaji iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kufanya kazi. Ilipokuja kutekelezwa mwaka 1970, haikuwagusa wenye vyeo kwanza. Iliwagusa vibarua, wapishi, walinzi, wachuuzi, wapagazi. Kenya haikuwa na sauti kubwa ya kulalamika, kwa kuwa mwaka 1967 nayo ilikuwa imetunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara za kuwabana wasio raia. Watu wakarudi mashariki kuelekea Busia na Malaba, kwenye vijiji ambavyo wengine walikuwa wameviona likizo tu, wakiwa na watoto waliozaliwa Kampala na kuongea Kiganda vizuri kuliko Kijaluo.

Ziko hoja za kumtetea Obote, na si za kupuuza. Ukosefu wa kazi ulikuwa wa kweli. Viwanda vingi vya soko la pamoja vilikuwa Kenya, na Mganda aliyeambiwa avumilie bidhaa za Kenya na vibarua wa Kenya kwa pamoja alikuwa na haki ya kuuliza yeye anapata nini. Lakini dawa iliyotolewa iliacha mali iendelee kuvuka ikamkamata mtu. Tena ilifundisha dola somo baya: kwamba kundi zima la watu linaweza kuondolewa mjini kwa amri, na jiji likaendelea. Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90. Dunia inaikumbuka amri hiyo ya pili, na ni haki ikumbukwe. Ile ya kwanza imebaki mistari michache kwenye vitabu vya wataalamu, labda kwa sababu waliofukuzwa hawakuwa na maduka wala ndege ya kuwapeleka London.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nayapitia haraka. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin. Februari 1976 Amin alidai kwamba ardhi ya Kenya hadi karibu na Nairobi ilikuwa ya Uganda kihistoria, akiutumia ule mpaka uliohamishwa 1902. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Julai mwaka huo, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe kwa msaada wa Nairobi, Wakenya waliokuwa bado Uganda waliuawa kwa kisasi. Mapema 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa. Uganda ikaunda shirika lake la reli. Mabehewa yalibaki pale yalipokutwa.

Watu hawakuacha kuvuka. Walivuka kwa magendo. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ilipopaa, kahawa ya Uganda ilipita usiku mpaka Chepkube, upande wa Bungoma, na watu walitajirika kwa misimu michache. Kule Busia, ambako hatua za miguu kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine zilikuwa nyingi, vijana walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Kazi hiyo ilikuja kuwa ya pikipiki, ikafika Kampala, na leo inalisha mamilioni Afrika Mashariki nzima: biashara kubwa kabisa iliyozaliwa kwenye mpaka wetu, na hakuna mkutano wa mawaziri ulioipanga.

Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka kadhaa ya kuhesabu mirathi. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Zilihesabiwa injini, meli, majengo, madeni na pensheni za waajiriwa wa mashirika. Ilikuwa hesabu ya heshima, na iliepusha ugomvi mkubwa. Kibarua wa kiwandani aliyefukuzwa 1970 hakuwamo. Hakuwa mwajiriwa wa Jumuiya, kwa hiyo hakuna aliyemdaia wala kumlipa.

Namuwongo yenyewe ilijaa upya kwa watu wengine. Vita vya Luwero, kisha vita virefu vya kaskazini, viliwasukuma watu mjini, na nafasi zilizokuwa za Wakenya kwenye viwanda na kwenye vyumba vya bondeni zikachukuliwa na watu wa kaskazini na mashariki mwa Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianzisha mradi wa kuboresha makazi Namuwongo: viwanja vikapimwa, barabara zikachorwa. Wenye uwezo walijenga. Wasio nao walisogea chini zaidi, karibu na kinamasi na reli, ambako ardhi ni ya shirika la reli na hakuna anayekuuliza hati mpaka siku ya kubomolewa.

Tarehe 30 Novemba 1993, miaka 40 kamili tangu Mutesa apelekwe uhamishoni, Moi, Mwinyi na Museveni walitia saini Arusha makubaliano ya tume ya ushirikiano. Tarehe 30 Novemba 1999 Moi, Mkapa na Museveni walitia saini mkataba mpya wa Jumuiya, ulioanza kutumika Julai 2000. Sijui kama kuna aliyeikumbuka tarehe ya Kabaka. Ningependa ingekumbukwa, kwa sababu hofu ya watu wa 1953 ilikuwa hofu ya muungano unaoamuliwa juu yao bila wao.

Jumuiya hii ya pili imefanya mengi ambayo ya kwanza haikuyathubutu. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005. Rwanda na Burundi ziliingia 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake, kwa mara ya kwanza, mwendo huru wa wafanyakazi umeandikwa kama haki. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mchuuzi wa Busia mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizotoka ndani ya Jumuiya, hujaza cheti rahisi cha asili na kupita bila ushuru. Februari 2018 Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapohapo Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa chumba kimoja. Nayasema haya kwa furaha ya kweli. Mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya Malaba anajua thamani yake.

Lakini isome itifaki kwa jicho la mtu wa bondeni. Kila nchi imeambatisha orodha ya kazi ambazo imekubali kuzifungulia majirani, na kwa sehemu kubwa orodha hizo zinawahusu wenye vyeti: waalimu, wahandisi, wauguzi, wahasibu. Mfanyakazi wa zaidi ya siku 90 anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 tangu afunge mkataba. Wa chini ya hapo naye anahitaji pasi maalumu. Mikataba hiyo ni karatasi. Mbeba magunia, fundi wa kuchomelea vyuma, mama anayekaanga samaki au kijana wa chapati hana karatasi ya kuambatisha. Ardhi imeachwa kwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo mgeni wa Namuwongo leo anaishi karibu kama yule wa 1969: anaachwa kwa desturi, na desturi inaweza kufutwa kwa amri moja.

Wala tusidhani hatari hiyo imepita. Mwaka 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, na watu wa kabila moja na ukoo mmoja walitenganishwa mpaka Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Na kumbukeni mapema 2008, ghasia za uchaguzi wa Kenya zilipokata njia na reli ikang'olewa Kibera: Kampala ilikauka mafuta, na abiria wa mitaa kama Namuwongo wakajikuta wanakwenda kazini kwa miguu kwa sababu ya kura zilizopigwa nchi nyingine. Tumeungana kwa maisha hata pale ambapo hatujaungana kwa sheria.

Upanuzi nao umekuja ukiwafuata watu. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia ikatia saini Uganda Desemba 2023. Kampala ilikuwa imekwisha kuwapokea zamani: Wasomali wa Kisenyi, Wakongo na Wasudan Kusini waliotawanyika katika mitaa ya kupanga kuanzia Nsambya hadi Kabalagala. Wengi waliingia kama wakimbizi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, ambayo inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Ni jambo la kushangaza, na Uganda inastahili sifa kwalo, lakini pia linatuambia kitu kuhusu itifaki: Mkongo asiye na cheti huona njia rahisi ya kufanya kazi Kampala ni kuwa mkimbizi kuliko kuwa mwana Jumuiya.

Mwaka 2014 mambo mawili yalitokea kwenye reli hii. Kwanza, Eneo Moja la Forodha lilianza, na mizigo ya Kampala ikawa inakadiriwa na kulipiwa kodi Mombasa, ikasafiri bila kufunguliwa kila kizuizi. Siku za lori njiani zikapungua sana. Pili, mamlaka za jiji na za reli zilibomoa vibanda na nyumba zilizokuwa kwenye hifadhi ya reli, Namuwongo ikiwemo, ili njia iwe wazi. Desemba 2015 gari moshi la abiria lilirudi kati ya Kampala na Namanve. Wakazi wengi waliobomolewa walijenga tena mita chache nyuma.

Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Kituruki Yapı Merkezi mkataba wa reli mpya ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na mwezi uliofuata Museveni akazindua ujenzi. Kazi hiyo itahitaji wachimbaji, wafunga vyuma, wabeba kokoto na wapishi, kama zile za 1896 na 1931. Baraza la Mawaziri la Jumuiya lina uwezo wa kuzifungua orodha za 2010 na kumwingiza kibarua, kwa cheti rahisi kama kile cha mchuuzi wa dola 2,000: jina, kitambulisho, kazi, mwajiri, saini ya ofisa hapohapo Malaba au Busia. Sekretarieti ya Arusha haikosi wanasheria wa kuandika ukurasa huo mmoja.